UZI: Kubadili mkondo kuwa volti kwenye DAC ya kujiundia, hesabu itangulie ununuzi wa opampu

FundiUyole:

Wakuu, salaam kutoka Uyole. Nimefungua uzi huu kwa sababu maswali ninayoulizwa kuhusu DAC za kujiundia, yaani vifaa vya kugeuza muziki wa dijitali kuwa wimbi la umeme, yanafanana mno. Mtu ameagiza bodi yenye IC (chipu) nzuri, ameiwasha, muziki umetoka lakini haujamridhisha, na jambo la kwanza analotaka kujua ni opampu (chipu ya kukuza ishara) gani ya bei kubwa aiweke ili sauti itulie. Msimamo wangu, ambao nitautetea humu kwa tarakimu, ni kwamba hatua ya kubadili mkondo kuwa volti inaamuliwa na mkondo wa IC, resista unayoichagua na volti za umeme unaoilisha opampu. Jina lililochapwa mgongoni mwa opampu linakuja nyuma kabisa ya hayo matatu.

Kwanza tutenganishe. Si kila DAC inahitaji hatua hii. Zile bodi ndogo za bei nafuu zenye PCM5102A hutoa volti moja kwa moja, kiasi cha volti 2.1 RMS (thamani faafu ya wimbi, iliyo chini ya kilele chake) zikizunguka sifuri, kwa hiyo mwenye nayo anaweza kuchomeka waya kwenye amplifaya na kuendelea na shughuli zake. Kumwongezea opampu ni kumwongezea kelele tu. Wenye kazi ya kufanya ni wale wenye IC zinazotoa mkondo: PCM1794A ya Texas Instruments, ambayo asili yake ni kazi ya Burr-Brown, kampuni iliyonunuliwa na Texas mwaka 2000, TDA1541A ya Philips, AD1862 ya Analog Devices, pamoja na PCM63 na PCM1704.

IC ya namna hiyo hutoa mkondo mdogo unaofuata umbo la wimbi, na inataka mkondo huo uingie mahali ambapo volti haipandi wala haishuki. Amplifaya kwa upande wake inataka volti, na kwa vifaa vya nyumbani kiwango kilichozoeleka ni volti 2 RMS, yaani volti 5.66 kutoka bonde hadi kilele cha wimbi. Njia inayotumika zaidi ya kuwapatanisha ni hii: mguu wa pato la DAC unaunganishwa na mguu hasi wa opampu, mguu chanya wa opampu unafungwa ardhini (volti sifuri ya saketi), na resista moja inatoka kwenye pato la opampu kurudi kwenye mguu hasi. Opampu hujitahidi kuulinganisha mguu hasi na ule wa chanya, hivyo pato la DAC linabaki kwenye volti sifuri kana kwamba limefungwa ardhini, ilhali mkondo wote unalazimika kupita kwenye resista. Volti unayoipata ni mkondo mara ukinzani, kwa alama iliyogeuzwa.

Sasa tuichukue PCM1794A, kwa kuwa ndiyo iliyoenea. Pasipo muziki, kila mguu wake wa pato hutoa miliampea 6.2. Muziki ukifika kiwango cha juu kabisa, mkondo huo hucheza kati ya miliampea 2.3 na 10.1, upana wa miliampea 7.8. Kila chaneli ina miguu miwili inayokwenda kinyume, kwa hiyo stereo inadai opampu nne za kubadili mkondo na nyingine mbili za kutoa tofauti. Mchoro wa mtengenezaji unaweka omu 750 na kapasita ya nanofaradi 2.2 sambamba nayo. Zidisheni: miliampea 6.2 kwa omu 750 ni volti 4.65. Kwa hiyo opampu ya kwanza, hata pakiwa kimya, imekaa volti 4.65 chini ya sifuri, na muziki mkubwa unaitembeza kutoka volti 1.725 hadi 7.575, zote chini ya sifuri. Opampu ya kutoa tofauti ina resista za omu 560 na 270. Tofauti ya pande mbili ikifika kilele ni volti 5.85, ukiizidisha kwa 270 na kugawanya kwa 560 unapata volti 2.82, ambayo ndiyo kilele cha volti 2 RMS. Ile volti 4.65 iliyo pande zote mbili inafutika hapo. Anayejenga bodi hii aziandike tarakimu hizo ukutani mwa karakana, kwa maana maswali mengi yatakayofuata yanajibiwa nazo.

Kapasita ya nanofaradi 2.2 haikuwekwa kwa urembo. Pamoja na omu 750 inaanza kukata masafa karibu na kilohezi 96, mbali juu ya usikivu wa binadamu. DAC hubadili mkondo kwa hatua kali zenye kingo za haraka sana, na hii PCM1794A, ambayo sehemu ya kazi yake hufanywa kwa delta-sigma (njia ya kubadili mkondo haraka mno kwa hatua chache), husukuma kelele nyingi juu ya masafa ya muziki. Opampu yenye upana wa megahezi 10 haiwezi kuzikimbiza kingo hizo zote kwa kutumia resista peke yake. Kapasita huzipa njia ya kupita na kuipunguzia opampu mwendo wa ghafla, na hapo ndipo mguu wa DAC unapoendelea kuona sifuri. Kapasita hii iwe ya kauri aina ya C0G, au ya plastiki ya polipropilini. Zile za kauri za aina ya X7R hubadili thamani kadiri volti inavyopanda na kushuka, na hapa volti inapanda na kushuka muda wote.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi: nimeona bodi ambayo mtu ameweka kapasita kati ya mguu wa DAC na opampu ili, kwa maelezo yake, kuzuia mkondo mnyoofu (DC). Ile miliampea 6.2 ni lazima iwe na mahali pa kwenda. Ukiizibia, IC inashindwa kufanya kazi.

KihesaJuu:

Mkuu FundiUyole, nakushukuru kwa uzi. Niko Iringa, Kihesa, na nimejenga DAC ya PCM1794A kwa ajili ya kuchezea nyimbo za kwaya yetu kanisani. Opampu ni NE5534 sita nilizonunua kwenye duka la vifaa, na umeme wake ni chanya 9 na hasi 9 kutoka kwenye regulata (IC za kutuliza volti) 7809 na 7909. Nyimbo za taratibu zinatoka vizuri kiasi cha kunifurahisha, lakini kwaya nzima ikipaza, hasa sauti za kike pamoja na kinanda, kunatokea mkwaruzo kama spika imechanika. Spika si mbovu, kwa sababu simu ikichomekwa kwenye amplifaya ileile haikwaruzi. Nimeshaamini kwamba NE5534 nilizouziwa ni feki, na nilikuwa karibu kuagiza OPA1612 sita kutoka nje. Nina multimita na osiloskopu (kifaa cha kuonyesha umbo la wimbi) ndogo ya DSO138. Naomba ushauri kabla sijalipa.

FundiUyole:

Ndugu KihesaJuu, usilipe kwanza. Pima volti ya mkondo mnyoofu kwenye pato la kila opampu nne za mwanzo, DAC ikiwa imewashwa bila muziki, kisha utuletee majibu. Halafu cheza wimbo unaokwaruza, ukipunguza sauti ndani ya kompyuta yenyewe kwa desibeli 3, na uiongeze kwenye amplifaya ili usikie kwa ukubwa uleule. Utuambie mkwaruzo umebaki au umeondoka.

KihesaJuu:

Nimepima. Zote nne zinasoma kati ya hasi 4.6 na hasi 4.7. Nimepunguza desibeli 3 na mkwaruzo umetoweka kabisa, jambo ambalo limenishangaza kwa sababu spika zinavuma kwa nguvu ileile.

FundiUyole:

Basi opampu zako ni salama. NE5534 haiwezi kufikisha pato lake mpaka kwenye volti za umeme unaoilisha. Inabakiza takribani volti 2 kila upande. Ukiipa hasi 9, pato linakomea karibu na hasi 7. Muziki wako unaidai iende hadi hasi 7.575. Kutoka 4.65 hadi 7 kuna volti 2.35, wakati wimbi kamili linahitaji 2.925, na uwiano wa hizo mbili ni karibu desibeli 1.9. Kwa hiyo kila sauti inayozidi desibeli 1.9 chini ya kiwango cha juu inakatwa ncha, na kila opampu inakata upande mmoja tu wa wimbi. Nyimbo za siku hizi zinarekodiwa zikiwa zimesukumwa hadi dari, kwa hiyo zinaishi humo. Ulipopunguza desibeli 3 ulishuka chini ya mstari huo, ndiyo maana mkwaruzo ukaondoka.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kubadili resista nne za omu 750 ziwe 560, na kapasita zake ziwe nanofaradi 3.3. Hapo kikomo cha chini kinakuwa miliampea 10.1 mara omu 560, ambayo ni volti 5.66, na chanya 9 na hasi 9 zako zinatosha. Pato la mwisho linashuka kutoka volti 2 hadi 1.5 RMS, na kwa amplifaya ya kwaya hutaitambua tofauti. Ya pili ni kupandisha umeme uwe chanya 12 na hasi 12, ubaki na mchoro wa asili. OPA1612 ni opampu nzuri sana, na pato lake hukaribia volti za umeme kuliko la NE5534, lakini ingekuachia deni la kutafuta adapta, maana ni opampu mbili ndani ya ganda moja dogo na haiingii kwenye soketi ya NE5534.

MzeeSanturi:

Vijana, nawasoma kwa makini nikiwa Soweto hapa Mbeya. Mimi ni mtu wa santuri na CD za zamani, na kwa uzoefu wangu hizi opampu zenu zinaua uhai wa muziki. DAC niliyonayo ni ya Philips, TDA, isiyo na opampu hata moja upande wa kubadili mkondo. Kuna resista moja ya kwenda ardhini kwa kila chaneli na kapasita ya kutokea, basi. Sauti yake ni laini na haichoshi. Kwa nini mnajitesa na opampu sita na umeme wa pande mbili, wakati resista ya bei ya pipi inafanya kazi hiyohiyo?

MwalimuGangilonga:

Shikamoo Mzee. Hoja yako ina msingi, kwa kuwa resista kweli hubadili mkondo kuwa volti bila msaada wa mtu, lakini inategemea sana ni TDA ipi.

Ikiwa ni TDA1541A, mkondo wake ni miliampea 4 kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtengenezaji anataka volti kwenye mguu wa pato isiondoke kwenye sifuri kwa zaidi ya milivolti 25 upande wowote. Tuseme umeshafuta mkondo wa katikati, umebaki na miliampea 2 juu na 2 chini. Resista kubwa unayoruhusiwa ni omu 12.5. Ukizidisha hapo IC yenyewe inaanza kupotosha, kwa sababu swichi zake za ndani hazikuundwa kufanya kazi huku mguu wa pato ukitikisika. Sasa milivolti 25 za kilele unatakiwa kuzifikisha volti 2.83, ukuzaji wa mara 113, au desibeli 41. Ukitumia opampu yenye kelele ya nanovolti 5 kwa kila mzizi wa hezi (kipimo cha kawaida cha kelele ya opampu), ndani ya kilohezi 20 unakusanya mikrovolti 0.7 kwenye ingizo, dhidi ya muziki wa milivolti 17.7 RMS. Hiyo ni desibeli 88 tu. IC ya biti 16 ina uwezo wa kinadharia wa desibeli 98, kwa hiyo desibeli 10 zimezama kwenye kelele kabla wimbo haujaanza, na bado utaihitaji opampu, ikiwa imehamishiwa mahali ambapo kelele yake inakuzwa mara mia moja na kumi na tatu.

MzeeSanturi:

Marahaba mwalimu. Nimefungua kifuniko na kuvaa miwani. Ni TDA1543.

MwalimuGangilonga:

Hiyo Mzee ni habari nyingine, nami nakuunga mkono nusu. TDA1543 iliundwa kwa ajili ya vifaa rahisi vyenye umeme mmoja wa volti 5, na pato lake linavumilia mtikisiko mkubwa kuliko ule wa kaka yake. Mkondo wake ni miliampea 2.3, kwa resista ya omu 820 unapata volti 1.9 kutoka bonde hadi kilele, takriban volti 0.67 RMS, kiasi kinachotosha kwa amplifaya nyingi. Kwa IC hiyo resista peke yake ni uamuzi wa busara.

Nusu nisiyokuunga mkono ni ile ya ulaini. Kama DAC yako inapokea CD ya kilohezi 44.1 bila kichujio cha dijitali cha kuzidisha sampuli, kila sampuli (kipimo kimoja cha wimbi) inashikiliwa mpaka ifike inayofuata, na jambo hilo peke yake linashusha sauti ya kilohezi 20 kwa desibeli zipatazo 3.2. Sauti za juu zimepunguzwa, sikio linaita hali hiyo ulaini. Resista inapewa sifa ambayo si yake. Ukiweka opampu hapo bila kugusa kitu kingine, ulaini utabaki palepale.

MzeeSanturi:

Nitaijaribu hoja hiyo kwa masikio yangu. Resista yangu siitoi.

MkaziMakambako:

Naomba kuuliza kuhusu njia ya pili aliyopewa ndugu wa Kihesa. Huku kwetu Makambako umeme jioni unashuka, mita yangu imewahi kusoma volti 180. Nina transfoma ya 12-0-12 iliyotoka kwenye sabufa ya zamani. Je, inafaa kwa 7812 na 7912?

KarakanaMwanjelwa:

Mkuu, mchana itakufaa na jioni itakuangusha. Kwa volti 230, upande mmoja wa transfoma hiyo unatoa 12 RMS, kilele chake ni 17, ukiondoa diodi unabaki na 16. 7812 inahitaji angalau volti 14 kwenye ingizo ili itoe 12 safi. Umeme ukishuka hadi 180, zile 12 zinakuwa 9.4, kilele 13.3, ukiondoa diodi ni 12.3, na hapo regulata haidhibiti tena chochote. Mawimbi ya hezi 100 kutoka kwenye diodi yanapita moja kwa moja hadi kwenye opampu na unasikia mvumo. Watu wengi wanaousikia mvumo huo jioni hulaumu ardhi ya saketi na kuanza kukata na kuunga waya.

Tafuta transfoma ya 15-0-15. Kwa volti 180 inakupa takriban 15.6 baada ya diodi, na ukiweka kapasita za mikrofaradi 2200 mtikisiko kwa mkondo wa miliampea 50 ni robo ya volti tu, kwa hiyo unabaki salama. Upande wa pili wa shilingi ni usiku wa manane, umeme unapopanda hadi 250 na transfoma ndogo isiyobeba mzigo ikapandisha zaidi ya ilivyoandikwa: unaweza kuona volti 27 kwenye kapasita. Kwa hiyo za volti 25 zikatae, weka za 35.

Mambo mawili yanayounguza watu hapa karakana. Mpangilio wa miguu ya 7912 haufanani na wa 7812. Kwenye 7812 ukiitazama usoni kuanzia kushoto ni ingizo, ardhi, pato. Kwenye 7912 ni ardhi, ingizo, pato. Pili, bati la mgongoni la 7912 limeungana na ingizo lake, si ardhi, kwa hiyo ukizifunga zote mbili kwenye hitisinki moja bila karatasi ya maika umetengeneza shoti.

FundiUyole:

Nashukuru, mkuu wa Mwanjelwa. Naongezea kwamba upande hasi kwenye saketi hii unabeba zaidi ya upande chanya, jambo ambalo michoro haisemi waziwazi. NE5534 moja hula kama miliampea 4, sita ni 24 kwa kila upande. Lakini zile miliampea 6.2 kutoka kwenye miguu minne ya DAC, jumla karibu 25, zinapita kwenye resista, zinaingia kwenye pato la opampu na kuishia upande hasi. Kwa hiyo 7912 inabeba miliampea 50 au zaidi, na 7812 karibu nusu yake. Ukipima pande zote mbili na kukuta zinalingana, kuna kitu hakijaunganishwa.

MwanafunziIyunga:

Habari zenu wakubwa. Nasoma ufundi wa elektroniki hapa Iyunga. Nina maswali mawili. Dukani nilikokwenda TL072 zimejaa na NE5534 hazipo. Je, TL072 ni dhambi? La pili, kwenye mchoro naona kapasita ya pikofaradi 22 kati ya mguu wa 5 na wa 8 wa NE5534. Rafiki yangu ameiacha na DAC yake inaimba. Ina kazi gani?

FundiUyole:

Mdogo wangu, si dhambi. Kelele ya TL072 ni kama nanovolti 18 kwa mzizi wa hezi, na ukizijumlisha opampu zote tatu za chaneli moja kwenye mchoro huu unapata chini ya mikrovolti 5 mbele ya volti 2, umbali wa zaidi ya desibeli 110. CD haifiki huko. Udhaifu wake mmoja uko kwenye kasi: upana wake ni megahezi 3, wa NE5534 ni 10, kwa hiyo karibu na kilohezi 100 inashikilia sifuri ya mguu wa DAC kwa ulegevu wa mara tatu zaidi. Ukikuta NE5532 ichukue hiyo, kwa kuwa ina megahezi 10 na miguu yake inapangana sawasawa na ya TL072. Usijaribu tu kuiingiza kwenye soketi ya NE5534, kwa sababu ile ni opampu moja na hii ni mbili.

Kuhusu pikofaradi 22: NE5534 haijatulizwa kikamilifu ndani yake, ni tulivu pale tu ukuzaji unapokuwa 3 au zaidi. Ile kapasita ya nanofaradi 2.2 kwenye saketi yetu inaufanya ukuzaji kwenye masafa ya juu kuwa karibu na 1, hivyo bila pikofaradi 22 opampu iko tayari kuanza kupiga mawimbi yake yenyewe kwenye megahezi. Ya rafiki yako inaimba, lakini sikio letu halisikii megahezi. DSO138 nayo haisaidii, kwani inaishia kilohezi 200. Dalili za kutafuta ni hizi: opampu yenye joto kuliko wenzake, au volti ya mkondo mnyoofu kwenye pato inayohama ukisogeza kidole karibu. Redio ya AM iliyowekwa kando ya bodi pia hukoroma pale DAC inapowashwa, ingawa saa ya DAC yenyewe huchangia, kwa hiyo linganisha na opampu zikiwa zimetolewa kwenye soketi.

Na tafadhali, waya kati ya mguu wa DAC na opampu uwe mfupi sana. Bodi moja ya DAC, bodi nyingine ya opampu, na waya wa shubiri kati yake ni mwaliko wa matatizo hayo.

MwalimuGangilonga:

Niongeze la resista. Kwa kuwa volti 4.65 inafutwa kwa kutoa upande mmoja kutoka kwa mwingine, resista zisipolingana haifutiki yote. Tofauti ya asilimia 1 kati ya zile za omu 750 inaacha milivolti 46, na baada ya 270 kwa 560 zinatokea milivolti 22 kwenye pato. Asilimia 5, kama zilivyo zile za kaboni, zinaacha zaidi ya milivolti 110, na amplifaya isiyo na kapasita kwenye ingizo itazikuza na kuzipeleka kwenye spika. Nunua za filamu ya metali, zaidi ya idadi unayohitaji, uzipime kwa multimita na kuzipanga kwa jozi. Usahihi wa multimita si muhimu hapa, muhimu ni kwamba zinapimwa na mita ileile.

KihesaJuu:

Wakuu, nimerudi. Nimechagua njia ya pili, 15-0-15 na 7812 pamoja na 7912, na NE5534 ni zilezile nilizozidhania feki. Kwaya ikipaza inapaza bila mkwaruzo. Chaneli ya kushoto sasa inasoma hasi 4.61 upande mmoja na hasi 4.66 upande mwingine, na pato la mwisho lina milivolti 24, nadhani ndiyo hesabu ya mwalimu. Nikipata resista nyingine nitazipanga kwa jozi. Limebaki moja: nikiwasha au kuzima kunatokea mshindo mkubwa kwenye spika. IC ina mguu wa kunyamazisha, niutumie huo?

FundiUyole:

Mguu huo unanyamazisha muziki tu. Miliampea 6.2 zinaendelea kutoka, na mshindo unatokana na hizo: volti 5 za DAC na 12 za opampu hazipandi kwa mwendo mmoja, kwa hiyo kwa muda mfupi zile 4.65 za pande mbili hazilingani na tofauti yake inatokea kwenye pato. Weka resista ya omu 100 mfululizo kwenye pato, kisha rilei (swichi inayoendeshwa kwa koili ya umeme) inayolifunga pato ardhini baada ya resista hiyo. Tumia mguso unaojifunga wakati koili haina umeme, ili DAC ikiwa imezimwa pato liko ardhini, na koili icheleweshwe sekunde 3 au 4 baada ya kuwasha ndipo iachie.

Koili hiyo usiilishe kutoka kwenye zile kapasita za mikrofaradi 2200, kwa sababu umeme ukikatika zitaishikilia wakati volti 12 zimeshaanza kuporomoka. Ipe diodi yake kutoka kwenye transfoma na kapasita ndogo ya mikrofaradi 47 au 100, na diodi nyingine kinyume kwenye koili yenyewe kulinda transista ya kucheleweshea.

KihesaJuu:

Rilei ya volti 12 yenye miguso miwili itatosha kwa stereo?

FundiUyole:

Inatosha, mguso mmoja kwa kila chaneli. Tafuta ya ishara ndogo, zile nyembamba zinazotolewa kwenye modemu na simu za mezani za zamani, kwani miguso ya rilei kubwa za kuwashia taa huota kutu ya juujuu na kushindwa kufunga vizuri kwa volti ndogo namna hii.